Kuingia si Kufaa: Habari za Vyuma vya Usukani

Motokaa ya zamani ya Kimarekani ikiwekwa mahali pa maonyesho, watu huizunguka wakaitazama rangi yake, kisha humwomba mwenyewe afunue boneti waione injini. Huuliza ina silinda ngapi, ina nguvu za farasi wangapi, na inakwenda maili ngapi kwa saa. Ni nadra mtu kupiga magoti akachungulia chini, penye vyuma vinavyochukua amri ya mkono wa dereva na kuifikisha kwenye magurudumu ya mbele. Walakini injini ikifa njiani gari husimama. Vyuma vile vikiachana gari huendelea kwenda, na dereva aushikaye usukani ameshika kitu kisicho na maana tena. Kwa kuwa miongoni mwa wasomaji wetu wamo mafundi na madereva wengi, tumeonelea ukurasa huu wa leo tuuache kwa vyuma hivyo, na hasa kwa jinsi vinavyopasa kulinganishwa.

Mfano wetu utakuwa gari moja tu, Ford Mustang ya miaka ya 1960. Gari hilo lilionyeshwa kwa watu tarehe 17 Aprili 1964 katika Maonyesho ya Dunia ya New York, na kabla ya kutimia miaka miwili kampuni ilikuwa imekwisha tengeneza milioni moja. Lakini halikuwa gari jipya kamili. Chini ya vazi lile zuri ilikuwamo mifupa ya Falcon, gari dogo la jamaa ambalo Ford ilikuwa ikiliuza tangu mwisho wa 1959. Mustang iliuzwa na injini ya silinda 6 kwa mtu wa mshahara wa kiasi, na injini ya silinda 8 kwa kijana apendaye mbio. Na ile iliyo kali kuliko zote mwaka 1965, ya inchi za ujazo 289, ilikuwa na nguvu za farasi 271. Miaka iliyofuata injini zilizidi kuwa kubwa, na gari likahesabiwa katika ukoo ule ambao Wamarekani huuita magari ya misuli.

Basi vazi lilikuwa moja, bali mifupa ilikuwa mbalimbali, na shida ya mafundi wa leo imeanzia hapo.

Tueleze kwanza jinsi vyuma hivi vinavyofanya kazi. Chini ya usukani upo mhimili unaoshuka mpaka kwenye sanduku la usukani, ambalo limefungwa upande wa dereva. Ndani ya sanduku mna gia zinazopunguza mzunguko: katika Mustang za kwanza zilikuwapo namna mbili, ya karibu 20 kwa 1, iliyo nyepesi lakini ya kuzungusha mno, na ya 16 kwa 1, iliyo nzito lakini yenye kujibu upesi. Chini ya sanduku hutokeza mkono mfupi, mkono wa pitimani. Upande wa pili wa gari, mkabala na huo, umefungwa mkono mwingine usioongozwa na kitu; wenyewe hufuata tu. Sisi tutauita mkono mfuasi. Kati ya mikono hiyo miwili imelazwa fimbo ya kati, na kutoka kwenye fimbo hiyo zinakwenda tairodi mbili, moja kulia na moja kushoto, mpaka kwenye spindeli, yaani vile vyuma vinavyobeba magurudumu.

Mwenye kuchora ataona mara moja kwamba mkono wa pitimani, mkono mfuasi, fimbo ya kati na fremu ya gari hufanya umbo la pande nne, kila pande mbili zikielekeana sawasawa. Siri yote imo humo. Mikono ile miwili ikiwa na urefu mmoja, fimbo ya kati huenda kulia na kushoto bila ya kupinda uelekeo wake, na magurudumu mawili hupata amri moja. Mkono mmoja ukizidi mwenzake hata kidogo, fimbo huenda mshazari. Kona ya kulia haitafanana tena na kona ya kushoto. Vilevile ncha za mikono hiyo hazina budi kuwa na kimo kimoja kutoka ardhini. Ikiwa moja inaning'inia chini kuliko nyingine, basi tairodi moja italala na nyingine itainama.

Na tairodi kuinama si jambo dogo. Gurudumu likipanda juu ya jiwe, hubebwa na mkono wa chini wa springi, ambao huzunguka kwenye bawaba yake kama mlango. Tairodi nayo huzunguka kwenye bawaba yake. Ikiwa vyuma viwili hivyo vinakwenda sambamba na urefu wao unakaribiana, basi gurudumu hupanda na kushuka bila ya kubadili uelekeo. Vikipishana, kila tuta litaligeuza gurudumu lenyewe, pasipo dereva kuugusa usukani. Dereva husema gari “linatangatanga”. Huenda kwa fundi, wakabadilisha matairi, wakapima magurudumu, na bado gari linatangatanga, kwa sababu ugonjwa umo katika urefu na kimo cha vyuma, wala haumo katika uchakavu wake.

Kuna na jambo la tatu, la magurudumu kutogeuka sawa katika kona: lile la ndani sharti ligeuke zaidi kuliko la nje, maana duara lake ni dogo. Habari hii ni kongwe kuliko motokaa. Aliyeitengeneza kwa magari ya farasi ni Georg Lankensperger, fundi wa Munich. Wakala wake mjini London, Rudolph Ackermann, akaiandikisha mwaka 1818, na mpaka leo inaitwa kwa jina la Ackermann. Jina limebaki kwa wakala, fundi hatajwi. Wasomaji wetu hawatastaajabu sana.

Sasa turudi kwenye Mustang. Katika gari la mwaka 1965 au 1966 vyuma vya silinda 6 havikuwa vile vya silinda 8. Injini ya silinda 8 ilikuwa nzito zaidi na yenye nguvu zaidi, kwa hiyo iliwekewa spindeli nyingine, breki nyingine, na tairodi zenye mashina manene zaidi. Mtu aweza kulitambua hilo bila ya kulala chini: gurudumu la silinda 6 lilifungwa kwa bolti 4, na la silinda 8 kwa bolti 5. Kadhalika usukani wa kawaida ulikuwa mbali na usukani wa pawa. Pawa ya Mustang za wakati huo haikuwa ndani ya sanduku. Vali ya mafuta ilifungwa mwishoni mwa fimbo ya kati, penye mkono wa pitimani, na silinda ya kusukuma ilifungwa kati ya fimbo hiyo na fremu. Kwa hiyo fimbo ya kati ya pawa ina umbo lake, mkono wa pitimani wake ni mwingine, na daftari za spea hutenga pia mkono mfuasi wa pawa na usio wa pawa.

Halafu ikaja 1967. Ford ilitaka kuingiza injini kubwa ya inchi za ujazo 390, ikalipanua gari kwa mbele, na vyuma vya usukani vikabadilika nalo. Karibu na miaka hiyo mhimili unaotokeza chini ya sanduku nao uliongezwa unene, kutoka inchi 1 hadi inchi 1 na 1/8. Mwaka 1970 vichwa vya nje vya tairodi vilibadilishwa tena. Mwaka 1971 gari likawa kubwa zaidi na pawa ikaingizwa ndani ya sanduku lenyewe, hata mpango ule wa zamani wa vali na silinda ukaachwa. Yote hayo katika muda wa miaka saba, na jina la gari likiwa lile lile.

Kiwandani, mabadiliko hayo hayakumsumbua mtu. Mfumo wa Ford ulikuwa umejengwa ili mfungaji asilazimike kufikiri. Huko Highland Park mwaka 1913 kampuni ilipoanza kuipitisha motokaa mbele ya watu badala ya watu kuizunguka motokaa, kazi ya kufunga fremu moja, iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12, ilishuka katika miezi michache hadi karibu saa 1 na nusu. Hayo yaliwezekana kwa sababu kila kipande kilitengenezwa kwa kipimo kimoja, kikaingia mahali pake bila ya tupa wala nyundo. Fundi wa zamani, aliyekuwa akichukua vipande viwili akavilinganisha kwa jicho na kwa tupa, hakuhitajiwa tena. Alihitajiwa mtu wa kukaza nati ile ile mchana kutwa. Tajiri alipata faida kubwa, naye mfanyakazi alinyang'anywa ufundi wake. Hata haki ya kuwa na chama chao wafanyakazi wa Ford hawakuipata mpaka 1941, baada ya viongozi wao kupigwa hadharani kwenye kiwanda cha River Rouge mwaka 1937.

Lakini motokaa huishi kuliko mipango ya kiwanda. Mustang ya 1965 sasa imepita mikononi mwa watu wengi. Mmoja aling'oa injini ya silinda 6 akatia ya silinda 8. Wa pili alichoka na pawa inayovuja, akaing'oa. Wa tatu aligonga jiwe, akanunua spindeli kwenye uwanja wa magari mabovu pasipo kuuliza zimetoka katika gari gani. Wa nne akapaka rangi nyekundu, akauza. Gari kama hilo halina tena mwaka wake; limekuwa mkutano wa miaka. Ule ufundi wa kulinganisha, ambao kiwanda kiliufukuza mlangoni, hapo umerudi kupitia dirishani, na asiye nao hawezi kulitengeneza gari hilo kwa salama.

Katika biashara ya spea liko neno moja ambalo sisi twaliogopa kuliko kutu, nalo ni “inaingia”. Muuzaji hulisema kwa moyo mweupe, mnunuzi hulipokea kwa furaha, na fundi hulithibitisha kwa spana. Mkono wa pitimani wa tundu la inchi 1 hauvaliki juu ya mhimili wa inchi 1 na 1/8, na huo ni wema wake, maana unakataa waziwazi. Kipande cha hatari ni kile kinachokubali.

Mfano ulio mbaya kuliko yote ni shina la kichwa cha tairodi. Shina hilo halikuchongwa sawa kama msumari. Ni nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, na tundu la spindeli limechongwa vivyo hivyo. Nati ikikazwa huvuta shina ndani ya tundu mpaka viwili hivyo vikabanana kama kabari ndani ya gogo. Kinachoshika ni kule kubanana kwa chuma na chuma pande zote. Kazi ya nati ni kuvuta tu. Sasa chukua kichwa chenye shina jembamba la silinda 6 ukitie katika spindeli ya silinda 8. Kitaingia, tena vizuri. Shina litazama kupita kiasi, nati itafika mwisho wa nyuzi zake kabla kabari haijabana, na spana itakuwa nzito mkononi. Fundi huondoka akiamini kwamba amekaza, kumbe nati imejikaza yenyewe juu ya shina, na shina halijaushika mwili wa spindeli. Gari likianza kwenda, kila kona hulitikisa shina ndani ya tundu. Baada ya muda tundu huwa la mviringo wa yai, na shina hupata ufa shingoni, mahali ambapo jicho halifiki. Siku ya kukatika haipigi hodi.

Ukifanya kinyume chake, yaani shina nene katika tundu dogo, nati haifiki kwenye tundu la kotapini, na fundi mwenye haraka hulipanua tundu la spindeli. Wako wanaoifanya kazi hiyo kwa chombo chake maalumu na kwa uangalifu. Hata hivyo twaona ni afadhali kutafuta spindeli iliyo ya jamaa moja na tairodi, kwa kuwa chuma kilichokwisha ondolewa hakirudishwi. Tena aliyetia injini ya silinda 8 juu ya spindeli za silinda 6 ana deni lingine kubwa, ambalo ni breki.

Kuna njia nyepesi ya kumpima muuzaji na maneno yake. Paka rangi nyembamba juu ya shina, lisukume kwa mkono ndani ya tundu lililosafishwa, lizungushe kidogo, kisha litoe. Ikiwa rangi imefutika pande zote kutoka juu hata chini, shina na tundu ni ndugu. Ikiwa imefutika kama pete moja tu, hao hawajuani, na mtu asiwalazimishe. Msomaji wa Injili atakumbuka habari ya kiraka kipya juu ya vazi kuukuu.

Wala asidhani mtu kwamba vyuma hivi haviruhusiwi kubadilishwa kabisa. Mwaka 1965 Carroll Shelby, aliyekuwa dereva wa mashindano, alichukua Mustang kutoka kiwanda cha Ford cha San Jose akazifanya gari za mbio zilizoitwa GT350. Za mwaka huo hazikufika 600. Alitaka usukani ujibu upesi zaidi. Hakuligusa sanduku, alifunga mkono wa pitimani ulio mrefu zaidi, na papo hapo akafunga mkono mfuasi ulio mrefu vilevile. Alibadilisha viwili kwa pamoja, umbo la pande nne likabaki sahihi. Leo yuko mtu atakayesikia habari za mkono mrefu wa Shelby, akaununua mmoja, akauacha mkono mfuasi wa zamani mahali pake. Mtu huyo amenunua jina la Shelby; akili ya Shelby ameiacha dukani.

Atajuaje fundi chuma alichoshika ni cha gari gani? Nambari ya gari yenyewe itamwambia mambo kadhaa. Katika Mustang ya 1965 tarakimu ya kwanza ni mwaka, herufi ifuatayo ni kiwanda (F ni Dearborn, R ni San Jose, T ni Metuchen), na herufi iliyo baada ya tarakimu mbili za bodi ni injini: T kwa silinda 6, na C, A au K kwa silinda 8. Lakini nambari hiyo haisemi kama gari lilitoka na pawa au bila ya pawa. Hilo litasemwa na chuma chenyewe.

Spea za Ford zilikuwa na nambari zao. Katika C5ZZ, mathalani, herufi C ni miaka ya 1960, tarakimu 5 ni mwaka wa tano, Z ya kwanza ni Mustang, na Z ya mwisho ni idara ya spea. Nambari ya katikati hutaja kipande: 3304 ni fimbo ya kati, 3590 ni mkono wa pitimani. Ukikuta D mahali pa Z ya kwanza, usimtukane muuzaji. D ni Falcon, na Mustang ilirithi mengi kwake. Liko tatizo moja ambalo limewapoteza wengi, nalo ni kwamba nambari iliyopigwa juu ya chuma aghalabu si ile iliyomo katika daftari la spea. Ya kwanza ni ya wahandisi, ya pili ni ya duka. Karani wa stoo aliyekaa na daftari hizo miaka 30 alizijua zote mbili kwa kichwa. Watu kama hao wanakwisha, na vyuma vingi vinavyouzwa leo vimetengenezwa na viwanda vingine visivyo vya Ford, vingine vizuri sana, vingine vyenye sura tu. Kwa hiyo pamoja na nambari fundi hana budi kuwa na kipimo cha inchi na chuma cha zamani mezani, akipime kipya juu yake kabla hajafunga hata nati moja.

Sisi huku Afrika ya Mashariki tunaokwenda upande wa kushoto wa barabara tuna neno moja la kuongeza. Mustang zilijengwa kwa usukani wa kushoto. Karibu mwaka 1965 na 1966 Ford ya Australia ilileta kama 200 hivi, ikazigeuza ziwe za usukani wa kulia mjini Sydney. Kugeuza huko si kuhamisha usukani tu. Sanduku huhamia kulia, mkono wa pitimani hulifuata, mkono mfuasi huenda kushoto, na fimbo ya kati sharti ikae sawa kwa upande ule. Mwenye gari lililogeuzwa, akiagiza vyuma kwa kutaja mwaka na injini peke yake, ataletewa vya gari lisilo lake.

Yafaa pia kukumbusha kwamba gari la 1965 lilijengwa kabla ya Marekani kuwa na sheria moja ya nchi nzima juu ya usalama wa motokaa. Sheria hiyo ilipitishwa 1966, mwaka mmoja baada ya kitabu cha Ralph Nader kilichowashitaki watengenezaji mbele ya wananchi. Katika Mustang ile mhimili wa usukani ni chuma kimoja kirefu kutoka kwenye sanduku mpaka mbele ya kifua cha dereva. Haujikunji gari ligongapo. Kwa hiyo kosa la chini ya gari lina njia iliyonyooka ya kumfikia mtu.

Ukishapata vyuma vya jamaa moja, kufunga ni kazi ya utulivu. Tairodi ina bomba lenye nyuzi za kulia upande mmoja na za kushoto upande wa pili, ili likizungushwa lirefuke au lifupike. Nyuzi zilizoingia pande zote mbili ziwe sawa, kisha vibano vikazwe. Mkono mfuasi una bushi za mpira, na mafundi wengi hukosea hapo: hukaza huku magurudumu yamegeuka, mpira ukabanwa ukiwa umepindwa, na gari likawa linavuta upande mmoja siku zote. Kaza magurudumu yakitazama mbele. Mtu mmoja akae garini auzungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho, mwenziwe alale chini na taa atazame kama chuma chochote kinagusa kingine. Ndipo kila nati ikazwe kwa kipimo chake. Tundu la kotapini lisipoelekeana na nati, nati hairudishwi nyuma. Husogezwa mbele kidogo mpaka tundu lifunguke, kisha kotapini mpya hupitishwa na masikio yake kukunjwa, na ile ya zamani hutupwa.